Mwenzako Ndiye Kipimajoto Chako

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia joto linalopanda ndani ya mwili mpaka likamwangusha mtu.

Wengi wenu mlipita Juba kabla ya kufika kambini. Aliyeishi Hai Jalaba, au mtaa wowote wa pale mjini, anaikumbuka miezi ya Februari na Machi, nyumba ya mabati inapokuwa kama tanuri. Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu joto lilitarajiwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 ikazifunga tena kwa wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzimia mjini Juba.

Tujifunze kwa watu ambao joto ndiyo kazi yao: wazimamoto. Mzimamoto huvaa koti zito linalozuia moto usimfikie. Lakini koti hilo hilo linazuia jasho lisikauke, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Joto linabaki ndani na moyo unakwenda mbio. Nchini Marekani, chanzo kikubwa cha vifo vya wazimamoto kazini ni moyo kusimama ghafla, si kuungua.

Tena kuna hatari nyingine: mwenyewe hajui. Joto likishaingia kichwani, mtu anaanza kukosea, huku akisema, “Niko sawa.”

Kwa hiyo vimetengenezwa vifaa vya kuvaa. Kuna mkanda wa kifuani au wa mkononi unaohesabu mapigo ya moyo na kukadiria joto la ndani ya mwili. Kuna hata kidonge chenye kipimajoto na redio ndogo, ambacho mtu hukimeza. Mwanaanga John Glenn alikimeza kidonge cha aina hiyo aliposafiri angani mwaka 1998. Kifaa kinapeleka habari kwa kiongozi aliye nje ya moto. Akiona hatari, anaita: “Toka, upumzike.”

Hapo ndipo penye somo. Uamuzi hauachiwi yule anayeungua na joto. Anaamua mwenzake anayemtazama.

(Muziki mfupi.)

Sisi hapa kambini hatuna mkanda huo, lakini tuna wenzetu. Ukienda kufyatua matofali, kutafuta kuni, au kupanga foleni ya maji, usiende peke yako. Mtazame mwenzako, naye akutazame. Wazee, watoto wachanga na mama wajawazito watazameni zaidi.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na uchovu mkubwa. Mwambie apumzike kivulini, alegeze nguo, anywe maji au ORS kidogo kidogo. Akibisha, usimsikilize. Mkalishe.

Dalili za hatari ni hizi: anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi, anapata degedege au anazimia, na mwili wake unachoma. Usisubiri jasho likauke ndipo uamini, kwa maana aliyekuwa akifanya kazi nzito anaweza kuwa bado anatoka jasho. Hapo mmoja akimbie kuita mhudumu wa afya, na wengine waanze kumpoza palepale. Msimbebe kwanza juani mkitumaini atapozwa akifika kliniki. Kila dakika joto linaharibu ubongo, figo na ini.

Mnampozaje? Mpelekeni kivulini. Mvueni nguo za juu. Mloweshe ngozi kwa maji, kisha mpepee kwa nguvu, kwa kanga au kipande cha boksi. Wekeni vitambaa vya maji shingoni, kwapani na kwenye mapaja karibu na kinena. Hata maji yasiyofaa kunywa yanafaa kwa ngozi, na vikombe vichache vinatosha kuanza. Msiache kumpepea mpaka msaada ufike. Aliyezimia au kuchanganyikiwa asinyweshwe kitu; kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Jambo moja la mwisho. Mwili ukichemka, wengi wetu tunasema, “Ni malaria,” tunampa mgonjwa dawa ya homa na kumfunika blanketi. Inawezekana ni malaria kweli, na kliniki itapima. Lakini dawa ya homa haishushi joto lililotokana na jua au kazi, na blanketi linafanya kazi ileile ya koti la mzimamoto. Aliyechanganyikiwa baada ya kukaa kwenye joto, mpoze kwanza.

Basi leo, kabla jua halijawa kali, chagua mtu wako. Mwambie: “Mimi nitakutazama, nawe unitazame. Nikikuambia pumzika, usibishane nami.”

Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kaeni salama.

(Muziki wa kufunga.)