Taa Zinazojiwasha Zenyewe: Tuziweke kwa Akili

Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Mwenyekiti aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya pendekezo lililo mbele yetu, la kutumia mchango wa mwaka huu kuweka taa zinazojiendesha katika mabweni, maktaba na njia ya kwenda vyooni. Hakunichagua kwa sababu mimi ni hodari wa kusema. Alinichagua kwa sababu nilisomea fizikia Chuo Kikuu, na kazi yangu serikalini ni kusimamia matengenezo ya majengo. Nitaeleza mambo matatu: taa hizi ni kitu gani, zinapokorofisha tufanyeje, na sisi hapa tununue nini na tuache nini.

Taa hizi ni kitu gani

Vijana wengi hudhani kwamba jambo hili lilizaliwa pamoja na simu za mkononi. Sivyo. Mwaka 1975 wahandisi wa kampuni moja ya Glenrothes, Scotland, walitengeneza mtambo ulioitwa X10, ambao ulipeleka amri kwa kupitia nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Ukibonyeza kitufe sebuleni, taa ya chumbani inazimika. Mengi yaliyofuata ni maendeleo ya wazo hilo, ila amri nyingi siku hizi hupita hewani kwa mawimbi ya redio.

Kila mtambo wa namna hii una sehemu tatu. Kuna kinachotambua: giza, mtu anayepita, au saa iliyofika. Kuna kinachoamua, nacho ni kikompyuta kidogo. Na kuna kinachotenda, yaani swichi au balbu yenyewe. Mkishika mgawanyo huo, mmeshika nusu ya kazi ya kutafuta hitilafu, maana swali la kwanza siku zote ni hili: Je, haikutambua, haikuamua, au haikutenda?

Tusidanganyane juu ya kubana matumizi. Balbu 40 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kwa usiku, hula uniti 12. Balbu 40 za LED za wati 9 hula uniti 1.8 tu kwa muda huo huo. Faida hiyo kubwa inatokana na kubadili balbu, bila mtambo wowote. Tena balbu inayopokea amri hewani hailali kamwe. Hata ikiwa imezimwa inakula umeme kidogo ili iendelee kusikiliza. Tukikadiria nusu wati kwa kila moja, balbu 40 zitakula karibu nusu uniti kila siku, mchana na usiku. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mtambo wenyewe ndio utakaopunguza gharama za LUKU, tumwombe aonyeshe hesabu yake.

Zinapokorofisha

Ndugu zangu, nimeona mafundi wakibomoa ukuta kutafuta hitilafu iliyokuwa kwenye holda. Haraka haraka haina baraka. Taa ikikataa, fuateni utaratibu huu, na kila mara badilisheni kitu kimoja tu, muandike kwenye daftari mlichobadilisha na kilichotokea.

Kwanza, angalieni kama umeme upo. Je, uniti zimekwisha? Je, swichi ya saketi hiyo katika bodi kuu imekatika? Je, mtu amezima swichi ya ukutani? Hili la mwisho ndilo linalowasumbua watu wengi kuliko yote. Balbu inayoongozwa kwa redio ikizimwa ukutani ni maiti. Hata uipigie kelele kwa simu haitasikia. Hamisheni balbu hiyo kwenye holda nyingine inayofanya kazi. Ikiwaka huko, mmejua balbu ni nzima.

Pili, angalieni nyaya, na hapa nawasihi wanafunzi: msifungue kisanduku chochote cha umeme. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na hata yeye azime swichi kuu na kupima kwa testa kabla ya kugusa. Nitawaambia kwa nini. Katika majengo ya zamani yaliyojengwa kwa utaratibu wa Kiingereza, waya mwekundu ni wa moto na mweusi ni nyutro. Katika mapya, wa kahawia ni wa moto na wa bluu ni nyutro. Lakini kwenye kisanduku cha swichi, mara nyingi nyutro haikushushwa kabisa, imebaki juu darini kwenye taa. Waya mweusi mnaouona pale unarudisha moto kwenye taa. Anayeuamini kwa rangi yake anaweza kufa.

Swichi nyingi za kisasa zinahitaji nyutro ili kikompyuta chake kipate chakula. Pasipo nyutro, zipo swichi zinazopitisha umeme kidogo sana ndani ya balbu ili zijilishe zenyewe. Balbu ya zamani haikujali umeme huo kidogo, lakini LED ndogo huweza kuwaka kwa mwanga hafifu au kumetameta usiku kucha hali imezimwa. Basi mkiona hivyo bwenini msimsingizie jini. Dawa yake ni kifaa kidogo chenye kapasita, kinachofungwa sambamba na taa, au kuchagua swichi inayofaa. Kadhalika, LED ikitetemeka kwenye swichi ya kupunguza mwanga, aghalabu swichi hiyo ilitengenezwa kwa balbu za zamani zenye wati nyingi, au balbu yenyewe si ya aina inayopunguzwa mwanga.

Tatu, angalieni mawasiliano. Balbu nyingi zinazotumia Wi-Fi husikia mawimbi ya gigahezi 2.4 tu, simu yako ikiwa kwenye gigahezi 5 wakati wa kuunganisha, huenda zisionane kabisa. Zipo nyingine zinazotumia Zigbee, ambazo hupokezana ujumbe, balbu hii ikimpa jirani yake, kama wanafunzi waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mtu akizima balbu moja ya katikati ukutani, mstari umekatika na za mwisho hazipati kitu mpaka njia nyingine ipatikane. Kuta za zege lenye nondo na mabati huzuia mawimbi. Tena Zigbee na Wi-Fi hugombania uwanja ule ule wa gigahezi 2.4, kwa hiyo zipewe chaneli zilizo mbalimbali, na visanduku vyake visikae pamoja juu ya kabati moja.

Nne, angalieni saa. Kuna kosa ambalo ni letu sisi tunaosema Kiswahili. Mtu anaambiwa taa ziwake saa moja jioni, naye anaandika 1:00. Taa zinawaka usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Saa moja yetu ya jioni ni 19:00 ya mtambo. Na kama mtambo haukuambiwa kwamba sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ukiagiza taa ziwake 18:30, zitawaka 21:30. Mkiona taa zinachelewa saa tatu kamili, msihangaike na nyaya. Hitilafu iko kwenye saa.

Tano, umeme unapokatika na kurudi. Balbu nyingi zimepangwa kiwandani kuwaka zote kwa nguvu zote umeme unaporudi. Fikirini bweni zima likiamshwa saa tisa usiku, wiki ya mitihani. Mahali pa kurekebisha ni kwenye mpangilio wa balbu, ambapo nyingi huruhusu kuchagua ibaki kama ilivyokuwa.

Tununue nini

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe. Ndugu zetu walio Marekani wamejitolea kututumia vifaa, nasi tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini umeme wa kule ni volti 120, wetu ni volti 230. Balbu iliyotengenezwa kwa 120 peke yake haitadumu hapa, na inaweza kuleta hatari. Hata vifaa vya redio vya Z-Wave vya Marekani, vinavyotumia takriban megahezi 908, havisikilizani na vya Ulaya vya megahezi 868. Tuwaombe watuletee fedha, tununue hapa, ili kikiharibika tupate kingine dukani.

La pili ni zito zaidi. Baadhi ya mitambo hii haifanyi uamuzi ndani ya jengo. Inauliza kwanza kompyuta ya kampuni iliyo ng'ambo. Mwaka 2014 kampuni ya Nest ilinunua kampuni ya Revolv, iliyouza mtambo wa kuongoza vifaa vya nyumbani. Mei 2016 huduma ile ikazimwa, na vifaa ambavyo watu walivilipia vikawa mapambo. Aprili 2022, wateja wa Insteon waliamka na kukuta kompyuta za kampuni hiyo zimenyamaza bila taarifa. Baadaye huduma ilirudishwa chini ya wenyewe wapya, lakini somo limebaki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisi tuliofundishwa kujitegemea katika shule hii hatuwezi kuweka ufunguo wa taa za watoto wetu mikononi mwa watu tusiowajua. Kama ni lazima tununue mtambo, uwe ule unaoamua humu humu shuleni, intaneti iwepo isiwepo, na ufuate utaratibu wa pamoja kama Zigbee, au ule wa Matter uliotolewa mwaka 2022, ili tusifungwe na kampuni moja. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vingine vilitekwa na programu haribifu iliyoitwa Mirai kwa sababu wenyewe waliacha nywila za kiwandani.

La tatu ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Agosti 2009, katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa bweni lao lilipoungua usiku, na mshumaa ulitajwa kuwa chanzo cha moto. Ndugu wanachama, mwanafunzi hawashi mshumaa kitandani kwa ukaidi. Anawasha kwa sababu kuna giza na kuna mtihani. Taa zote za akili nilizozieleza leo, umeme ukikatika, hazina akili hata chembe. Zitakuwa giza sawa na balbu ya shilingi chache, na mshumaa utatoka chini ya godoro.

Kwa hiyo mimi nashauri mkutano huu upange fedha zetu kwa mpangilio ufuatao. Kwanza, taa za dharura zenye betri ndani yake, zinazowaka zenyewe umeme unapokatika, mbili kwa kila bweni, moja ikiwa juu ya mlango. Hizi nazo zinajiwasha zenyewe, wala hazihitaji intaneti. Zijaribiwe kila mwezi kwa kuzima saketi yake, maana betri huchoka kimya kimya. Pili, balbu za LED mahali pote. Tatu, swichi ya kutambua giza kwa taa za nje. Jua letu hubadili saa ya kuzama kwa chini ya saa moja mwaka mzima, hivyo hatuna haja ya hesabu ngumu za kompyuta. Nne, kitambuzi cha mwendo katika njia ya vyooni, kiwekwe mbali na jiko na matawi yanayoyumba ili kisidanganyike. Tano, fedha zikibaki, ndipo tuweke mtambo mmoja unaoongozwa kwa kompyuta, katika maktaba tu, uwe wa wanafunzi kujifunzia chini ya mwalimu wao wa fizikia.

Na sharti langu ni moja kwa vyote: kila taa iweze kuwashwa kwa mkono, kwa swichi ya kawaida, na mtoto wa kidato cha kwanza au mlinzi wa usiku asiye na simu. Mtambo ukituondolea uwezo huo, hata ukiwa wa bure tuukatae.

Wadogo zetu, kwenu nina ombi. Undeni kamati ya taa. Muwe na daftari moja la kuandika kila taa iliyokataa, tarehe, dalili, na dawa iliyopatikana. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuwa mwalimu bora kuliko mimi, na litabaki hapa ninyi mtakapokuwa mmeondoka kwenda kulitumikia taifa.

Ndugu Mwenyekiti, naomba wajumbe wapige kura juu ya mpangilio huo leo, kabla hatujaagiza hata balbu moja. Taa za dharura zikipita peke yake na mengine yote yakangoja mwaka ujao, mimi nitarudi kazini kwangu nimeridhika.