Nani Mtu? Kitabu cha Mwanzo na Daraja la Niemba



Tarehe 8 Novemba 1960, askari 11 wa Ireland, waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, walifika kwenye mto Luweyeye, karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga nchini Kongo, wakakuta daraja limevunjwa. Wakiwa pale walitokewa na vijana wengi wa Kiluba wenye pinde, mishale na mapanga. Mkuu wao, Luteni Kevin Gleeson, aliwasalimu kwa Kiswahili: "Jambo." Aliitikiwa kwa mishale. Waireland 9 walikufa, wawili wakaokoka.

Vijana wale walikuwa na sababu ya kuogopa. Julai mwaka huohuo mwanasiasa Moïse Tshombe alikuwa ameitenga Katanga na Kongo, na askari wake, wakiongozwa na maofisa Wazungu, walikuwa wakichoma vijiji vya Baluba wa kaskazini waliokataa kumfuata. Kijana aliyetoroka moto ule, akikutana njiani na ngozi nyeupe yenye bunduki, atajuaje kwamba huyu ametoka Ireland na hana ugomvi naye? Alimwona kuwa mchoma vijiji. Lakini kabla yake kuna mwingine aliyekitazama kijiji kile na hakuona watu ndani yake. Ndipo akawasha kiberiti.

Kitabu cha Mwanzo kinaanza na jambo hili hasa: nani anaonekana kuwa mtu. Mwaka 1979, kaskazini mwa Syria, ilipatikana sanamu ya mtawala wa kale iliyoandikwa kwa lugha mbili. Katika maandishi yake ya Kiaramu sanamu hiyo inaitwa kwa maneno mawili yenye asili moja na yale ya Kiebrania tunayoyasoma katika sura ya kwanza kama "sura" na "mfano". Yalikuwa maneno ya wakubwa: mtawala alisimamisha sanamu yake ili uso wake uheshimiwe hata pale asipokuwepo. Huko Babeli walisimulia kwamba binadamu aliumbwa kwa damu ya mungu aliyeshindwa vitani, ili awabebee miungu kazi zao. Mwandishi wa Mwanzo alichukua cheo cha mfalme akamvika kila mtu, mwanamume na mwanamke, kabla kabila lolote halijatajwa. Sijui tamko zito kuliko hilo katika maandishi ya kale.

Sura ya pili inashuka chini zaidi, hadi kwenye udongo. Adam anatoka katika adama, yaani ardhi. Jina lake lenyewe limebeba mavumbi. Anawekwa bustanini ailime na ailinde. Kiebrania cha "kulinda" ni shamar, nanyi mlikumbuke neno hili, kwa sababu linarudi katika sura ya nne kinywani mwa Kaini. Amemuua nduguye, na anapoulizwa yuko wapi, Kaini anahoji kama kazi ya kumlinda ni yake. Kitenzi ni kilekile cha bustanini. Mtu aliyepewa ulinzi wa udongo anaukana ulinzi wa ndugu, na mara udongo wenyewe unafumbua kinywa kuinywa damu, kisha unamnyima mkulima mazao yake. Baba yeyote wa Niemba aliyekimbia shamba la mihogo wakati wa vita anaielewa sura hiyo bila mwalimu.

Swali hilo la nani mtu liliulizwa hapa kwetu pia. Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii ya ziwa Tanganyika, alipewa upadre Baudouinville, Moba ya leo, mwaka 1917, padre wa kwanza Mkongo wa enzi mpya. Kabla ya hapo, mwaka 1910 na 1911, alikuwa amechapisha makala juu ya saikolojia ya Wabantu, wakati Wazungu wengi hawakudhani kwamba sisi tuna fikra za kuandikiwa makala. Alidai tuhesabiwe kuwa watu. Dai lile bado linatuhusu, na safari hii sisi ndio tunaodaiwa.

Kuanzia 2016 mkoa wetu wa Tanganyika uliungua tena, Baluba na jirani zao Batwa wakiuana, na mwaka 2017 kambi za wakimbizi zikauzunguka mji wa Kalemie. Ripoti ziliita vita hivyo "Wabantu na Batwa", nasi tukarudia jina hilo sokoni na hata kanisani. Tulisikilize basi. Bantu maana yake ni watu. Tulikuwa tukisema: watu kwa upande huu, na Batwa kwa upande ule. Jina hilo lilitangulia mshale.

Narudi darajani. Ireland ilizika askari wake kwa heshima ya taifa, na majina yao yanasomwa hadi leo. Ni haki yao. Vijana wa Kiluba waliokufa siku ile hutajwa kwa makadirio tu. Nao walikuwa na mama zao, na sura ileile ya Mungu. Hata Kaini, baada ya damu, aliwekewa alama ili asiuawe.

Wanafunzi wa historia na wa teolojia, nawaomba mpande treni au pikipiki mwende Niemba na daftari. Anzeni na wazee wa Kiluba, kisha mwende kwa Batwa, mwandike majina ya waliokufa jinsi walivyoitwa nyumbani kwao. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1960 sasa amevuka 80.