Ramani ya Bahari na Haki ya Mvuvi



Asubuhi ya bamvua, maji yanapokupwa, pwani ya Kiwengwa huonekana kama shamba lisilo na mipaka. Akina mama huingia mwambani kutafuta pweza na kuokota kombe. Wavuvi wa ngalawa hungoja maji yajae, na boti za hoteli hupeleka wageni kutazama matumbawe. Asiyejua hudhani kwamba mahali hapo hapana mwenyewe. Lakini mvuvi aliyezaliwa hapo anajua jina la kila mwamba, njia ya kila mkondo, na samaki wa kaskazi na wa kusi. Hiyo nayo ni ramani, ingawa haijaandikwa.

Mipaka ya bahari si jambo geni Unguja. Mwamba wa Chumbe ulihifadhiwa mwaka 1994, Ghuba ya Menai mwaka 1997, na eneo la Mnemba, kaskazini ya Kiwengwa, mwaka 2002. Kisha ikaja Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010.

Haja ya kanuni haina ubishi. Juya la kukokota huvunja matumbawe na kung'oa majani ya bahari ambamo tasi na changu hukulia. Kusini ya Kiwengwa, katika Ghuba ya Chwaka, wavuvi wa madema wa Marumbi na wenye majuya wa Chwaka waliishi katika uhasama kwa miaka mingi. Bahari isiyo na utaratibu huleta ugomvi kabla haijaleta njaa.

Hata hivyo, mpaka uliochorwa ofisini peke yake una madhara yake. Mwamba wa karibu ukifungwa, mwenye mashine huenda mbali zaidi. Anayevua kwa miguu hana pa kwenda. Na ikiwa ngalawa inakatazwa mahali ambapo boti ya watalii inatia nanga juu ya matumbawe, hakuna atakayeuheshimu mpaka huo. Kwa hiyo ramani ya haki haina budi kuonyesha nani anavua wapi, kwa chombo gani, na katika msimu upi.

Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, kikiwamo Kisiwa Panza, vimeonyesha njia. Wanakijiji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, huilinda wenyewe, kisha huifungua kwa siku maalumu. Pweza hukua upesi, kwa hiyo faida huonekana mapema. Lakini hapo pia pana mtihani: siku ya kufungua, wasiolinda nao hufika kuvuna. Bila ya kanuni ya nani aingie kwanza, jasho la walinzi hupotea.

Basi wajibu uko wazi. Ofisa na apeleke rasimu ya ramani dikoni kabla haijatiwa muhuri, wala asiitishe mkutano asubuhi ya bamvua, wakati akina mama wako mwambani. Mwalimu na awaagize wanafunzi wayaandike majina ya miamba kutoka vinywani mwa wazee wao. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Bahari ni mali, na nusu ya daftari lake wanalo wavuvi.