Ushujaa na Upagazi: Njia ya Tabora katika Filamu

Mhakiki wa filamu, kama alivyo mhakiki wa riwaya, hana budi kuuliza ni nani anayepewa ushujaa, na kwa kigezo gani. Swali hili linajitokeza katika Mountains of the Moon (1990), filamu ya Bob Rafelson kuhusu safari ya Richard Burton na John Speke, waliofika Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857.

Msuko wake umejengwa juu ya urafiki na uhasama wa Waingereza hao wawili hadi kifo cha Speke mwaka 1864. Sidi Mubarak Bombay, mtumishi na mkalimani wa Speke, amepewa jina na kauli, lakini hakupewa kisa. Kihistoria, Myao huyu alitekwa utotoni akapelekwa India utumwani. Aliporejea, aliipita njia ya Tabora na Speke, kisha na Stanley mwaka 1871, na hatimaye akavuka bara zima pamoja na Cameron, 1873 hadi 1875. Filamu inamwacha njiani.

Suala zito zaidi la kijamii ni kazi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kwa ujira na posho waliyopatana. Walipodhulumiwa, wengine waliitua wakaondoka. Masimulizi ya wasafiri huuita uamuzi huo utoro. Mhakiki anayetazama kutoka Tabora ana haki ya kuuita mgomo.