Uraia Mwema Huanzia Mlangoni

Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wa wazazi. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.

Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkapita hapa kabla ya kwenda kulala.

Leo hatuzungumzii kodi ya nyumba, wala kadi ya chakula, wala miadi ya hospitali. Tunazungumzia vijana wetu, na namna ya kuwafundisha wawe raia wema hapa tunapoishi Marekani.

Najua wengine mtauliza: "Raia gani, na sisi bado hatujapata uraia?" Ni swali zuri. Uraia una sehemu mbili. Kuna uraia wa karatasi, unaotolewa na serikali baada ya miaka na mtihani. Na kuna uraia wa mwenendo, yaani jinsi mtu anavyoishi na majirani zake. Huo wa pili hausubiri karatasi, ulianza siku mliyopewa ufunguo wa nyumba.

Wala si jambo geni kwetu. Wazee waliokulia Zaire wanaikumbuka salongo. Waliotoka Rwanda wanajua umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Waliopita Kenya wamesikia harambee. Sisi tuliokaa Nyarugusu tuliona wazee wa zoni wakisuluhisha ugomvi wa maji bombani, na sungusungu wakilinda usiku. Msiba ukitokea, mchango ulipita nyumba kwa nyumba kabla maiti haijaoshwa. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba mmekuja huku kujifunza kuishi na watu. Hilo mmekuja nalo.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, na naomba muisikilize vizuri. Kule nyumbani mtoto akikosea njiani, mzee yeyote alimkanya. Habari ilikufikia kabla mtoto hajafika. Mtaa wote ulikuwa mzazi. Hapa jirani hamkanyi mtoto wako. Akisikia kelele usiku, anampigia simu meneja wa jengo, au polisi. Wewe unapata habari baada ya wiki, kwa barua usiyoweza kuisoma, nayo barua ya tatu inaweza kuwa ya kuwatoa katika nyumba. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa ulimwengu huo ni polisi na mahakama, na somo lake ni ghali.

Basi tuanze nyumbani. Mpe kila kijana kazi inayogusa watu wengine, si chumba chake tu. Mmoja awe na jukumu la takataka: ajue siku ya kutoa pipa, na kipi kinakwenda kwenye pipa la kuchakatwa. Mwingine aangalie ngazi na mlango wa jengo. Wote wajue majina ya majirani wa kulia na kushoto, na wawasalimie. Na kila mtoto, hata mdogo, aijue anwani yenu kwa moyo pamoja na namba ya apatimenti, ili siku ya moto au ugonjwa aweze kupiga 911 na kueleza mlipo.

Hizi ni kazi ndogo, lakini angalieni zinavyofanya kazi. Katika jengo moja ambamo familia zetu kadhaa zinaishi, kijana wa miaka 15 alizoea kuondoa theluji mbele ya mlango wa bibi mmoja Mmarekani. Hakuna aliyemlipa, mama yake ndiye aliyemtuma. Kufika majira ya kuchipua, baiskeli zikaibiwa pale uwanjani, na watu wakaanza kusema ni "wale watoto wa Kiafrika." Yule bibi akamwambia meneja: "Mtaje mtoto kwa jina lake. Huyu wa juu namfahamu, na mama yake namfahamu." Maneno yakapoa. Wanaofahamika kwa majina si rahisi kubebeshwa lawama ya kundi zima. Ndiyo maana nasema salamu ni ulinzi.

Sasa tutoke nje ya mlango. Vijana wetu wana nguvu na muda, na wasipopewa kazi simu itawapa. Maktaba ya mji iko wazi kwa wote, haiulizi kama wewe ni raia, na nyingi zina vipindi vya vijana baada ya shule. Ghala za chakula, zile zilizotusaidia miezi ya kwanza, zinahitaji mikono ya kupanga makopo Jumamosi. Mtoto aliyepokea mfuko wa mchele pale, akirudi kuwapangia wengine, anaelewa kitu ambacho hotuba yangu haiwezi kumfundisha. Tena kuna faida yake: jimbo la Maryland, kwa mfano, linadai saa 75 za huduma kabla ya kumaliza sekondari, na hata pasipodaiwa, vyuo na waajiri huziuliza. Aandike saa zake, na msimamizi atie sahihi.

Jambo linalofuata linatugusa wazazi wenyewe. Tusimfanye mtoto kuwa mdomo wetu kila mahali. Tukimpeleka mtoto wa miaka 12 kwa mwalimu atutafsirie makosa yake mwenyewe, tumempa kiti cha mzazi na sisi tumekaa cha mtoto. Akirudi nyumbani, ukimwambia "kaa chini," hakai. Shule za umma zinatakiwa kisheria kuwapa wazazi wasiojua Kiingereza mkalimani, bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na haki hiyo haiangalii karatasi zako. Jifunzeni sentensi moja tu ya Kiingereza ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Tuko tayari kuifanya nanyi mazoezi ofisini mpaka itoke bila woga.

Na mkishapata mkalimani, nendeni. Nendeni kwenye mkutano wa walimu. Siku moja nendeni pia kwenye mkutano wa bodi ya shule, na mwende na kijana wenu. Mikutano ile huwa wazi kwa umma, na kwa kawaida mkazi hupewa dakika chache za kusema: kuhusu basi linalochelewa, kuhusu chakula ambacho mtoto Mwislamu hawezi kula. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo kumuuliza mkubwa swali kulileta hatari, kwa hiyo tumewafundisha watoto kunyamaza. Kunyamaza kulituokoa kule. Hapa anayenyamaza anahesabiwa kuwa ameridhika. Mtoto akimwona baba yake anasimama, anasema kwa adabu, kisha anarudi nyumbani salama, amepata somo lote la uraia kwa jioni moja.

Nimalizie kwa karatasi, kwa sababu hapa kosa dogo laweza kubomoa mengi.

Kwanza, kura. Kijana akienda kuchukua leseni ya udereva au kitambulisho, mara nyingi ataulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Utaratibu huo unatokana na sheria ya mwaka 1993. Kama bado si raia, jibu ni hapana. Akiweka alama ya kwamba yeye ni raia na siye, hata kwa kutoelewa swali, inaweza kuzuia uraia wake baadaye, au hata kumfukuzisha nchini. Mwambieni asome kila mstari kabla ya kutia sahihi, na asipoelewa aulize. Kura itamsubiri.

Pili, umri wa miaka 18. Mzazi mwenye grin kadi akipata uraia kabla mtoto hajatimiza miaka 18, na mtoto ana grin kadi yake na anaishi naye chini ya malezi yake, mtoto huyo anakuwa raia moja kwa moja, bila mtihani. Kwa sisi tuliokuja kama wakimbizi, miaka 5 ya kuomba uraia kwa kawaida huhesabiwa tangu siku tuliyofika. Pigeni hesabu. Mtoto aliyefika na miaka 10 atakuwa na 15, mna nafasi. Aliyefika na miaka 12 atakuwa na 17, hapo hakuna muda wa kupoteza. Aliyefika na 14 ataomba mwenyewe. Kwa hiyo masomo yako ya Kiingereza, mama, ni urithi wa mtoto wako. Sheria hizi hubadilika, basi muulizeni mwanasheria wa uhamiaji au mje ofisini. Msimuulize mtu wa WhatsApp.

Tatu, kijana wa kiume akifika miaka 18 anatakiwa awe kwenye orodha ya Selective Service, hata akiwa mkimbizi. Msiogope, si kuitwa vitani. Marekani haijachukua watu jeshini kwa lazima tangu 1973. Lakini asipokuwemo, anaweza kuulizwa siku anapoomba uraia.

Wazazi wangu, nawaachia kazi tatu za wiki hii. Pigeni hesabu ya umri wa kila mtoto na mwaka mliofika. Mtumeni kijana mmoja kumsalimia jirani ambaye hamjawahi kusema naye. Na mkae naye mezani, simu pembeni, mmweleze salongo au umuganda vilikuwaje, na nani alikuja kuwasaidia siku mliyokuwa na shida. Wengi wao wamezaliwa kambini au wametoka wadogo, hawajui. Wakijua walitoka kwa watu wa namna gani, wataona kwamba tunachowaomba si kuiga Wamarekani. Ni kuendeleza mila ya kwao.

Mwenye swali asiondoke nalo nyumbani.