TREKTA LILILOINGIWA NA MAFURIKO: LINAWAKA, KISHA LINAZIMIKA

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya trekta la dizeli lililofunikwa na maji ya mafuriko. Unapiga stata, linawaka, watu wanashangilia. Baada ya dakika moja au mbili, kimya. Unapiga tena, na tena, mpaka betri inakwisha.

Jambo hili si dogo. Mwezi Aprili 2024 maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba mengi ya wilaya za Rufiji na Kibiti. Wenyeji wa bonde lile wana kilimo chao cha mlau: maji yakipungua, wanapanda mahindi na mboga katika udongo uliobaki na unyevu. Lakini unyevu haumngoji mtu. Trekta likikaa wiki tatu bila kutengenezwa, udongo umekauka.

Hata hivyo, haraka nayo ina hasara yake. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilipiga stata siku ile ile maji yalipotoka. Ndani ya silinda mlikuwa na maji. Hewa hubonyea, maji hayabonyei. Pistoni ilipopanda ikagonga maji, na mkono wake ukapinda. Mkopo wa trekta ulikuwa haujalipwa hata nusu. Msimu ule wenzetu wale walilima kwa jembe.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga stata fanya haya. Fungua waya za betri. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage yote, badilisha na chujio lake. Kisha fungua chujio la hewa. Ukikuta maji au tope ndani yake, simama hapo hapo, mwite fundi afungue nozeli na kuizungusha injini taratibu ili maji yatoke. Watu wakae mbali na matundu hayo.

Sasa tuseme hayo yamefanyika, na trekta linawaka kisha linazimika. Kwa nini? Katika mabomba na chujio mlibaki dizeli safi kidogo. Hiyo ndiyo inayoliwasha. Ikiisha, pampu inavuta ya chini ya tenki, na huko chini ndiko maji yaliko, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Basi fuata njia ya mafuta kutoka mwanzo hadi mwisho, usiruke hatua.

Kwanza, tenki. Legeza nati ya chini, kinga mafuta kidogo katika chupa nyeupe, iache itulie. Ukiona mstari, dizeli juu na maji chini, mwaga tenki lote katika debe. Safisha tope, weka dizeli mpya. Usivute sigara hapo, na mafuta hayo machafu usiyamwage mtoni.

Pili, mfuniko wa tenki. Una kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Tope likikiziba, mafuta hayashuki. Dalili yake ni hii: injini inazimika, ukifungua mfuniko unasikia hewa ikiingia kwa kishindo, kisha linawaka tena. Kizibue kwa waya mwembamba.

Tatu, chujio la dizeli. Mwaga maji yaliyo katika kikombe chake, weka chujio jipya. La karatasi lililolowa tope usilianike juani ukadhani limepona.

Nne, toa upepo. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tumesafisha kila kitu, lakini hewa imebaki katika mabomba, na trekta linazimika vile vile. Legeza skrubu ya juu ya chujio. Sukuma wenzo wa pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, halafu kaza. Wenzo ukiwa mlegevu, hausukumi kitu, zungusha injini mara moja, ujaribu tena. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu kubwa. Mabomba ya nozeli mwachie fundi. Mafuta yake hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi ya mkono.

Je, bado linazimika? Tazama moshi. Ukiwa mweusi, injini inakosa hewa. Rudi kwenye chujio la hewa. Tazama pia kamba ya kuzimia. Ikiwa imeshika kutu na haijarudi mpaka mwisho, ni sawa na mtu anayewasha na kuzima kwa wakati mmoja.

Likishawaka na kutulia, usilipeleke shambani mara moja. Liache lizunguke bila jembe, kisha pima oili tena. Ikirudi rangi ya maziwa, imwage mara ya pili. Kagua na oili ya giaboksi, paka grisi kila mahali, jaribu breki mahali tambarare.

Mwenye pikapu ya petroli ya zamani atafuata njia hiyo hiyo ya tenki na chujio, kisha amwage maji ya kabureta na kukausha waya za plagi. Gari la kisasa lenye kompyuta usilichezee. Lipelekwe kwa fundi umeme wa magari, bila kuwashwa.

Na mwakani, mto ukianza kujaa, mtu mmoja apewe kazi ya kulipandisha trekta mwinukoni. Kazi hiyo ni ya nusu saa.