Koki ya Nyuma: Utunzaji wa Bomba la Nje Nyumbani

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mzumbe



Vijito vinavyoshuka kutoka Milima ya Uluguru ndivyo uhai wa vijiji vilivyo chini yake. Pale yalipojengwa mabanio na matangi, maji huteremka kwa mserereko, bila injini wala mafuta, hadi kwenye vilula vya kijiji na nyua za watu. Kazi kubwa ya kuyashusha maji hayo imekwisha kufanywa na mlima. Kazi ndogo iliyobaki ni ya mwenye nyumba, nayo iko mwishoni kabisa mwa safari, penye bomba la uani. Mara nyingi kazi hiyo ndogo ndiyo isiyofanywa.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 za maji safi kwa mtu mmoja kwa siku vijijini, yapatikane katika umbali usiozidi mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Hesabu hiyo ifikiriwe pamoja na bomba moja linalovuja. Mwenye bomba la namna hiyo na aweke chini yake chombo cha lita moja na kuangalia saa. Chombo kikijaa kwa saa moja, bomba hilo linamwaga lita 24 kwa siku, na lita 8,760 kwa mwaka. Ni sawasawa na kusema kwamba nyumba hiyo ina mtu mmoja zaidi, anayechukua fungu lake la maji kila siku bila kunywa, kufua wala kupika. Katika kijiji chenye mabomba ishirini ya aina hiyo, watu ishirini wasioonekana wanapanga foleni mbele ya mama mwenye ndoo kichwani.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwa shabaha kwamba ifikapo mwaka 1991 kila kaya ipate maji karibu na makazi yake. Mabomba mengi yalijengwa, lakini shabaha haikufikiwa, na mojawapo ya sababu zilizodhihirika ni kwamba matengenezo hayakuwa na mwenyewe. Ujenzi ulikuwa wa serikali, na mwananchi alingoja serikali ije kubadili hata raba iliyochakaa. Sera zilizofuata zilimpa mwananchi umiliki na wajibu. Leo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019, huduma ya maji vijijini husimamiwa na vyombo vya jamii chini ya uangalizi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Kwa kawaida chombo hicho hushughulika na mabomba makuu hadi kwenye dira. Kilicho upande wa nyumba baada ya dira ni mali na mzigo wa mwenye nyumba.

Ni nini, basi, kinachoharibu bomba la nje katika nchi ya joto kama Mzumbe? Maadui ni wanne. Wa kwanza ni mchanga. Wakati wa masika vijito huchafuka, na chembe zinazopita hukwama kati ya raba na kikalio chake, zikaikata raba kidogo kidogo. Wa pili ni nguvu za mkono. Bomba linapoanza kudondosha, watu hulikaza zaidi, na kesho zaidi tena, mpaka raba inapasuka na uzi wa msumari wa ndani unalika. Wa tatu ni jua. Bomba la plastiki lililoachwa wazi hukakamaa na kuwa jepesi kuvunjika. Likigongwa na jembe au kukanyagwa na ng'ombe, hupasuka. Bomba la namna hiyo lifukiwe nusu mita au zaidi, na sehemu inayosimama juu ya ardhi iwe ya chuma, tena ishikwe imara na nguzo ya zege. Wa nne ni tope. Maji yaliyotuama chini ya bomba huozesha chuma na kuzalisha mbu. Mfereji mfupi unaoyapeleka kwenye migomba au bustani ya mchicha hugeuza hasara hiyo kuwa mboga.

Kinga ya kwanza dhidi ya maadui hao ni kitu kidogo ambacho nyumba nyingi hazina, au zinacho lakini hakuna anayekijua kilipo. Kitu hicho ni koki ya kufungia iliyowekwa nyuma ya bomba, kati ya dira na uani. Pasipo koki hiyo, kubadili raba moja hulazimu kufunga maji ya mtaa mzima. Kwa kuwa hakuna anayependa kuwakera majirani kwa ajili ya raba, bomba huachwa livuje. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa hauzibiki kwa sababu fundi hana pa kuyazuia maji.

Penye koki ya nyuma, kazi ni ya muda mfupi. Koki hufungwa, na bomba hufunguliwa mpaka maji yaliyobaki yaishe. Shina la bomba hushikwa kwa spana moja ili mfereji wa chuma usijipinde, na nati kubwa ya juu hulegezwa kwa spana ya pili. Kifaa cha ndani hutolewa, na mwishoni mwake huonekana raba, ambayo mafundi huiita washa. Raba mpya iwe ya kipimo kile kile. Kikalio kifutwe mchanga na kupapaswa kwa kidole. Kikiwa kimechimbika, raba mpya haitadumu, na ni afadhali kununua bomba jingine. Baada ya kurudisha kila kitu, koki ya nyuma hufunguliwa polepole. Kama maji yanatoka kwenye shingo ya kishikio wala si mdomoni, kosa si la raba. Nati ndogo ya shingo ikazwe kidogo. Mabomba ya siku hizi yanayofungwa kwa robo mzunguko hayana raba ya aina hii, na yakiharibika kwa kawaida hubadilishwa yote.

Koki ya nyuma ina faida nyingine ya afya. Maji ya mgao yanapokatika, msukumo hupungua, na mpira ulioachwa ndani ya beseni la sabuni au dimbwi la tope unaweza kuyanyonya machafu hayo na kuyaingiza bombani. Maji yakirudi, wa kwanza kuyanywa huenda akawa mtoto. Kwa hiyo mpira uondolewe kila baada ya kazi, na mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa ndoo. Maji yakikatika, koki ifungwe. Yakirudi, ndoo ya kwanza imwagiliwe bustani.

Huenda mwanachama akadhani kwamba habari hizi ni za nchi ya joto tu. Lakini Mzumbe ni mahali ambapo watu hutoka kwenda mbali. Tangu shule ya serikali za mitaa ilipoanzishwa hapa mwaka 1953, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001, vijana waliosoma hapa wamepelekwa kila pembe ya nchi. Atakayepangiwa kazi Makete au Njombe atakutana na adui wa tano. Huko nyanda za juu, na hasa Kitulo penye zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, miezi ya Juni hadi Agosti huleta usiku wa sakitu, umande ukaganda mweupe juu ya majani.

Maji yakiganda hutanuka: lita 11 za maji huwa karibu lita 12 za barafu. Barafu ikiziba mfereji, maji yaliyonaswa kati yake na bomba lililofungwa hukosa pa kwenda, na msukumo wake huweza kupasua hata chuma. Ufa huo hauonekani usiku. Huonekana jua linapochomoza na barafu kuyeyuka. Dawa yake ni ile ile ya Mzumbe. Jioni ya baridi kali, koki ya nyuma ifungwe, mpira uondolewe, na bomba lifunguliwe lijimwage, kisha liachwe wazi. Bomba lisilo na maji halina cha kugandisha. Chuma kilicho nje kifungwe kwa magunia makavu na kufunikwa nailoni yasilowe. Likiganda hata hivyo, liyeyushwe kwa vitambaa vilivyochovywa katika maji ya moto, kuanzia mdomoni kurudi nyuma, kamwe si kwa moto wa kuni. Katika nchi za baridi kama Kanada na Ujerumani, ambako watoto wa wanachama huenda kusoma, koki hiyo huwekwa ndani ya nyumba, na kuifunga kabla ya majira ya baridi ni desturi.

Chama cha ushirika kina nafasi yake. Raba ni kitu cha bei ndogo sana, lakini mkulima anayeifuata Morogoro mjini hulipa nauli inayozidi bei yake mara nyingi, ndiyo maana haifuati. Katibu anaweza kuweka ofisini kasha la raba za nusu inchi, tepu ya fundi bomba na spana mbili za kuazima, pamoja na daftari la aliyechukua na aliyerudisha. Kabla ya masika na baada ya masika, mkutano wa wanachama unaweza kuuliza maswali matatu: bomba la nani linavuja, koki yake ya nyuma iko wapi, na nani atamsaidia mjane au mzee asiyeweza kushika spana. Majibu yaandikwe, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.

Ushirika ulianzishwa ili jambo linalomshinda mtu mmoja lisiwashinde wengi. Bomba linalovuja halimshindi mtu kwa uzito wake, bali kwa kuahirishwa. Mwanachama atakayerudi nyumbani leo na kuitafuta koki ya nyuma, akaizungusha ili ajue kama bado inafunga, atakuwa amekwisha kuanza.